Umepona, Mbona Unalia?

Majuma machache yaliyopita tulipokea barua fupi, yenye mwandiko mzuri wa shuleni, kutoka kwa binti mmoja wa Uvira anayesoma sekondari. Aliandika hivi: "Mama yangu alikuwa na uvimbe mkubwa katika taya. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, naye amerudi nyumbani. Majirani wote wasema amepona. Lakini yeye hatoki nje wala haendi sokoni, na usiku twamsikia analia. Baba amekasirika, maana alikopa fedha nyingi. Je, mama amepona au hajapona?"

Tulianza kumjibu kwa kalamu, tukashindwa. Basi siku moja alasiri tulifuata njia ya bandari mpaka Kalundu, tukapiga hodi. Yanayofuata twayasimulia kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Ametuomba jina lake lisitajwe, nasi tumekubali.

Mama huyu ni mke wa mvuvi. Tangu ujana wake ameuza ndagala katika soko la Mulongwe, na wateja walimjua kwa sauti kabla ya kumwona, ndivyo alivyokuwa hodari wa kuita. Miaka sita iliyopita alipapasa kitu kidogo kama punje ya hindi nyuma ya jino la mwisho, upande wa kushoto, chini. Hakikuuma. Na kwa kuwa hakikuuma, hakikuogopwa. Mwaka wa tatu kilikuwa kama yai, mwaka wa tano kama chungwa. Shavu likavutwa, meno yakalegea, mama akaanza kujitanda kitenge usoni hata wakati wa jua kali. Watu nao hawakukosa maneno. Wengine walitafuta jirani wa kumsingizia uchawi, na jirani mmoja mzee, asiye na kosa lolote, aliacha kuja kuteka maji upande ule.

Mwishowe mume alikopa fedha, wakaenda hospitali moja ya mbali. Waganga walikata karibu nusu ya taya la chini, na mahali pake wakafunga kipande cha chuma chepesi cha titani, kilichopindwa kwa umbo la mfupa uliotolewa. Kazi ilikuwa njema, jeraha halikuoza. Baada ya majuma matatu mama alirudi nyumbani.

Kitinda mimba wake, mtoto wa miaka minne, alimkimbilia mpaka mlangoni. Ghafula akasimama, akamtazama, akajificha nyuma ya sketi ya dada yake akasema: "Huyu si mama." Watu wote wakacheka. Mama naye alijaribu kucheka, lakini mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi, na mate yakamtiririka kidevuni bila yeye kujua, mpaka binti yake alipomfuta. Usiku ule ndipo alipoanza kulia.

Tulimwuliza ni nini hasa kinachomliza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema polepole: "Ule uso wenye uvimbe nilikuwa nimeuzoea. Huu mpya sijui ni wa nani. Tena watu wakiniambia, Mama, umepona, mshukuru Mungu, nanyamaza. Nafikiri labda mimi ni mtu asiye na shukrani."

Hapo ndipo penye fundo la habari yetu ya leo. Mtu anaweza kukatwa ugonjwa siku moja, asubuhi mpaka jioni. Moyo wake hauzoei uso mpya kwa siku moja. Na neno "umepona", likisemwa mapema mno na kwa sauti kubwa mno, huwa kama kizibo kinachofungia machozi ndani.

Lakini kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Katika karatasi ya hospitali tulisoma jina ameloblastoma. Ni uvimbe unaotokana na chembe zilezile zinazotengeneza meno, nao huota zaidi katika taya la chini, upande wa nyuma. Huwapata hasa watu wazima walio katika nguvu zao. Si uvimbe wa kusambaa mwilini kwa kawaida, wala hauui upesi, lakini hula mfupa polepole. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Kwa hiyo waganga hukata pamoja nao sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka. Ndani ya mfupa huo hupita mshipa wa fahamu uletao hisia katika mdomo wa chini na kidevu. Mfupa ukikatwa, na mshipa hukatwa. Ndiyo sababu mama yetu hausikii mdomo wake. Hakurogwa, wala waganga hawakukosea. Ila hakuna aliyemweleza jambo hilo kabla ya operesheni kwa namna ya kumwelea, naye akadhani ameharibiwa.

Hapa tuchomeke neno moja kwa wazazi, ingawa latutoa njiani kidogo. Uvimbe wa taya la mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa kiume aliyevimba pande zote za taya, juu na chini. Baadaye aliona mwingine Jinja, akaanza kuchunguza, na mwaka 1958 akaandika habari za saratani hiyo ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Huota kwa haraka ya kutisha, ikaongezeka maradufu kwa siku chache. Kisu hakiiwezi, bali dawa za saratani zimeponya watoto wengi walioletwa mapema. Basi mtoto akivimba taya na meno yakalegea, usingoje mwezi uandame.

Turudi kwenye moyo wa mgonjwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaopasuliwa taya bila kuwa na uvimbe. Ni wale waliozaliwa na taya la chini lililotokeza mbele mno, au lililorudi nyuma, hata meno ya juu na ya chini hayakutani; kutafuna ni taabu, na kusema pia. Mtu wa kwanza kuandika habari za operesheni ya namna hiyo alikuwa Simon Hullihen, mwaka 1849, huko Wheeling katika Marekani. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke kijana aliyeungua moto utotoni. Kovu la shingo lilikuwa limelivuta taya lake likarefuka. Tukikumbuka watoto wangapi huanguka katika mafiga yetu wenyewe, habari hiyo si ya mbali. Miaka zaidi ya 100 ikapita, ndipo daktari Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Zurich katika Uswisi, alipoonyesha katika miaka ya 1950 njia ya kupasua taya la chini kutoka ndani ya kinywa, mfupa ukasogezwa mbele au nyuma, na ngozi ya uso isiguswe. Kazi hiyo huendelea kufanywa mpaka leo.

Kwa kuwa wagonjwa hao ni wengi, wataalamu wa mambo ya nafsi wamewauliza maswali kabla ya kupasuliwa, na tena miezi na miaka baadaye. Waliyoyapata yangalimfaa sana mama wa Kalundu kama angaliambiwa mapema. Wengi wao, mwisho wa safari, hufurahia kazi iliyofanyika. Lakini majuma ya kwanza ni majuma ya giza. Uso umevimba, pengine umekuwa wa buluu na manjano, kinywa hakifunguki, chakula ni cha majimaji, usingizi ni wa vipande. Mtu aliyekuwa shujaa siku ya kupasuliwa huanza kulia siku ya 5 au ya 10, akajuta, akauliza kwa nini alikubali. Huzuni hiyo si wazimu wala si utovu wa shukrani. Kwa walio wengi hupungua kadiri uvimbe unavyopungua, ingawa uso huweza kuchukua miezi 6 hata mwaka kutulia. Ikizidi kuwa nzito badala ya kupungua, mtu akakataa kula au akasema maisha hayana maana, hapo msingoje. Mpelekeni kwa mganga kama mngalimpeleka akiwa na homa kali.

Wataalamu waligundua na jambo la pili, nalo twaliona ni kubwa zaidi. Aliyeelezwa mapema yatakayompata, hata yale mabaya, huyavumilia vizuri kuliko aliyefichwa kwa huruma. Vilevile yule aliyetaka kupasuliwa kwa haja yake mwenyewe, ili atafune na aseme vizuri, huridhika kuliko yule aliyesukumwa na wengine, au aliyetumaini kwamba taya likinyooka, basi mchumba atapatikana na kazi itapatikana. Taya hunyooka, mchumba hakuja, ndipo uchungu unapozidi. Tena wako watu ambao hawana kasoro yoyote ionekanayo, ila wanauchukia uso wao mchana na usiku. Hao kisu hakiwasaidii, na waganga waangalifu hukataa kuwapasua.

Ninyi wanafunzi mnaotazama picha katika simu mpaka taa inazimika, neno hilo lawahusu. Kwetu pwani hii ya ziwa msichana mwenye mwanya husifiwa katika nyimbo za arusi. Kwingine wazazi hulipa fedha nyingi ili mwanya huohuo wa mtoto wao uzibwe. Uso ni uleule, ila macho ni mengine. Na ninyi mnaompa mwenzenu jina la utani kwa sababu ya kidevu au meno, mkidhani ni mchezo wa mapumziko, mjue kwamba wako wazee wa miaka 60 ambao bado wanalikumbuka jina waliloitwa darasani, na aliyelitunga wanamkumbuka pia.

Uso, kwa kweli, si kama mguu. Mguu uliovunjika mtu huufunika kwa suruali, akaenda zake. Uso ndio unaotangulia mlangoni. Ndio unaosalimu kabla ya kinywa. Ndiyo maana vita vimewafundisha waganga mengi juu ya jambo hili. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walifungua hospitali huko Sidcup, karibu na London, kwa ajili ya askari waliovunjwa nyuso na risasi na vipande vya mizinga. Daktari mkuu wa kazi hiyo, Harold Gillies, na wenzake waliwatengeneza askari zaidi ya 5,000. Katika vyumba vya wagonjwa vioo vilipigwa marufuku. Na njiani kuelekea mjini viliwekwa viti vilivyopakwa rangi ya buluu, ili mpita njia ajue kwamba anayekaa pale aweza kuwa na uso wa kutisha, ajiandae au ageuze macho.

Walifanya hivyo kwa nia njema, lakini sisi kiti cha buluu hatukisifu. Kilimlinda mpita njia kuliko mgonjwa. Kuondoa vioo nako hakutoshi, maana mtu hujiona katika maji ya beseni, na zaidi ya hapo hujiona katika macho ya anayemtazama. Wafaransa walishika njia nyingine. Siku ya 28 Juni 1919, mapatano ya amani yalipotiwa sahihi huko Versailles, watano wa askari hao walioharibika nyuso waliwekwa ndani ya jumba lenyewe, mbele ya wakubwa wa dunia, waonekane. Na mwaka 1921 wenzao walianzisha chama chao, wakasaidiana na kutembeleana, bila kujificha.

Nasi upande huu wa Kongo hatuna haja ya kutafuta mifano katika vitabu vya zamani. Vita vimepita juu yetu mara nyingi, na risasi haichagui kiungo. Tangu mwaka 2012 waganga wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamewapasua majeruhi katika hospitali ya CBCA Ndosho, Goma. Aliyepigwa taya hulishwa kwa mrija, na mara nyingi hurudi katika chumba cha upasuaji mara ya pili na ya tatu. Anapopanda gari kurudi kijijini anauliza swali lilelile la mama wa Kalundu: watanijua?

Jibu la swali hilo liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Milimani juu ya bonde la Ruzizi, katika wilaya yetu ya Uvira, iko hospitali ya Lemera. Hapo ndipo alipofanya kazi Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, mpaka siku ya 6 Oktoba 1996 hospitali iliposhambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake walioharibiwa na ukatili wa vita. Majeraha hayo si ya taya, bali waliyojifunza Panzi yahusu kila jeraha linalomfanya mtu aone haya mbele ya wenzake. Waliona kwamba kushona mwili hakutoshi. Basi pamoja na kisu wakaweka watu wa kukaa na mgonjwa na kumsikiliza, wakaweka msaada wa sheria, na mafundisho ya kazi ili anaporudi awe na cha kushika mkononi. Mganga wa mwili na msikilizaji wa moyo wanafanya kazi chini ya paa moja. Laiti kila hospitali ipasuayo nyuso ingalifanya hivyo! Hata mwuguzi mmoja, mwenye kiti na nusu saa, angalitosha kuanzia.

Mpaka hapo nyumba yenyewe ndiyo yapasa kuwa msikilizaji. Tulimwambia binti yetu aliyetuandikia mambo tuliyoyajua, naye akayafanya kwa akili kuliko tulivyomwelekeza. Tulimwambia mama ale vizuri, kwa maana njaa na huzuni ni ndugu; yeye akatwanga sombe mpaka ikawa laini kama uji, akailainisha tena kwa mawese na mchuzi wa samaki uliochujwa, mama akala kikombe kwa kikombe. Tulimwambia kioo kisifichwe, yeye akakiweka dirishani, akamwambia mama: "Tutatazama pamoja, na tukichoka tutaacha." Baba naye, ambaye si mtu mbaya ila deni lilimkaa shingoni, aliacha kusema "umepona." Siku moja alikaa karibu na mkewe akamwuliza: "Leo ni nini kilichokusumbua?" Mama alituambia kwamba swali hilo lilimliza kuliko yote, na baada yake alilala usingizi mpaka asubuhi.

Na yule mdogo? Dada yake hakumlazimisha. Mama alimwita, akaushika mkono wake mdogo, akauweka kwanza kwenye shavu la kulia, lile la zamani, kisha akaupitisha chini ya kidevu mpaka kwenye kovu. Mtoto akauliza: "Inauma?" Mama akajibu: "Haiumi. Siisikii tu." Mtoto akabonyeza tena kwa kidole, akiona ni ajabu nzuri. Tangu siku hiyo akawa mtangazaji wa mtaa mzima: mama yangu ana chuma ndani.

Kanisani alichelewa zaidi. Aliogopa kupokea Komunyo, maana kinywa hakikufunguka vizuri, naye alihofu mate yake. Jambo hili hakumwambia mtu, na wanajumuiya wakadhani amepoa katika dini. Siku alipomweleza padri, padri alimvunjia kipande kidogo sana cha Hostia, akasimama mbele yake bila haraka mpaka alipomeza. Kumbe lilikuwa jambo la dakika moja, nalo lilimfungia nje majuma tisa.

Tulikwenda tena mwezi uliopita, si Kalundu safari hii, bali Mulongwe sokoni, kwa kuwa binti alikuwa ametuandikia mara ya pili. Mama alikuwa amekaa nyuma ya beseni lake, kitenge kiko begani wala si usoni. Herufi za m, b na p bado zinamtoroka, maana zataka midomo miwili inayosikia, naye ana mmoja na nusu. Salamu yake ilikuwa na kigugumizi kidogo. Deni la baba halijalipwa hata nusu. Alisema bado kuna usiku analia, ila si kila usiku. Kisha akatuomba radhi, kwa kuwa wateja walikuwa wakipita, akainua kichwa, akaita: "Ndagala!" Neno hilo halina hata herufi moja ya zile zinazomsumbua. Wanawake wawili waliokuwa wamekwisha kupita waligeuka nyuma.